Nafasi ya Anuani

4 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima kabisa. Mume wangu hajambo, kibanda chake cha kunyolea kinajaa, watu wanapanga foleni mpaka mlangoni kwa jirani. Mimi bado nashona mapazia kwa Mama Pazia. Umeuliza mbona sikuja kukuangalia ulipovunjika nyonga. Ni shughuli tu, Dada. Halafu na mimi niliumia mkono, nilianguka kwenye ngazi za nyumbani. Sasa mkono umepona. Mume wangu alinihudumia vizuri sana, wala usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Sindano

Shemeji, ni mimi, mume wake. Nimeipitia barua yake nione kama hajakosea mahali. Pole sana kwa nyonga. Ukihitaji lolote sema, nitakuja mwenyewe, kwako napafahamu.

15 Januari

Sindano,

Barua hii nimeificha ndani ya furushi la vifungo nikalituma kwa Mama Pazia. Isome hukohuko kazini, kisha umwachie akutunzie.

Mimi ni mpiga taipu wa mahakama. Miaka thelathini nimechapa maelezo ya watu waliosema na ya watu waliosemeshwa, na hao wa pili nawatambua kabla sijafika nusu ukurasa. Nyumba yenu haina ngazi. Nimelala kwenu mara mbili, hata kizingiti cha mlango hakuna. Wewe uliangukia ngazi ipi?

Aliyeanguka kwenye ngazi ni mimi, ile ya chumba cha mafaili, na sasa nimelazwa chali hapa nyumbani kama jalada lililosahauliwa, ubao wa kusukumia unga juu ya tumbo ndio meza yangu. Kuja siwezi. Kwa hiyo nieleze, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dada yako,
Karani

27 Januari

Dada,

Nimekusoma nimekaa juu ya marobota ya vitambaa, Mama Pazia kasimama mlangoni anajifanya kuhesabu pete za mapazia.

Mkono aliuvunja kwa mlango. Aliuweka kwenye upenyo, akaufunga taratibu, akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akaufunga tena, akasema ile mara ya kwanza nilijibu haraka mno. Kosa langu lilikuwa kumwambia mteja wake "karibu tena" huku nacheka.

Hapigi akiwa na hasira, na hapo ndipo watu hawatanielewa. Hasira inampita, anakula, ananawa, ndipo ananiita. Mikono ya gauni ananikunjia mwenyewe. Mwezi wa tisa ulikuwa mkanda anaonolea nyembe, upande wenye chuma. Mwezi wa kumi na moja alinishika kisogo akanizamisha kichwa kwenye beseni la maji ya moto, na mpaka leo upande mmoja nywele zinaota kwa kusuasua. Mtaa mzima unamsifu. Wanasema ana mkono mwepesi, wembe wake huusikii.

Unakumbuka nilikuja kwako miaka mitatu iliyopita na begi? Ulinipa chai, ukasema ndoa ina mitihani yake, ukanisindikiza kituo cha basi. Tangu siku hiyo sijakuandikia ukweli, maana ulishanionyesha mahali pa kurudi.

Nataka kutoka. Nyumba sitaki, vyombo sitaki. Nataka kutoka nikiwa hai, na karatasi mkononi inayosema mimi si wake tena. Bila karatasi hiyo, popote nitakapokwenda atakuja na kusema namfuata mke wangu, na watu watampisha. Niambie sheria inasemaje.

Sindano

8 Februari

Sindano,

Nimelia, nimemaliza. Tufanye kazi.

Sheria haiulizi ulilia kiasi gani. Inauliza lini, wapi, kwa kitu gani, nani aliona. Nimechapa hukumu za wanawake walioingia na makovu wakatoka mikono mitupu kwa sababu walisema "ananipiga kila siku". Kila siku si tarehe. Kwa hiyo kuanzia leo andika. Lakini daftari la siri usiwe nalo, atalipata, watu wa aina yake huanza kupekua chini ya godoro. Andika kwenye kitu anachokitazama siku zote bila kukiona.

Ukiumia nenda hospitali ya umma, si kwa yule tabibu jirani anayenyolewa kwake. Mwambie daktari ni nani aliyekufanyia, aandike, na uondoke na namba ya jalada. Polisi watakuambia mrudi mkayamalize nyumbani. Wakubalie, ila waandike kwanza kwenye kitabu chao, na wakupe namba. Namba, Sindano. Usipopewa namba, hukufika hapo.

Cheti cha ndoa na kitambulisho vitoe kimoja kimoja, ndani ya kazi unazopeleka kwa Mama Pazia. Na funga mdomo wako. Usimtishie na talaka hata akuudhi vipi. Majalada ya mauaji niliyochapa, wengi wa hao wanawake walikufa wiki ileile waliyotamka kwamba wanaondoka. Nisamehe kwa kukuandikia hivi, lakini sitakuficha kitu tena.

Mambo ya begi na kituo cha basi nitakujibu siku nyingine.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Kitu anachokitazama bila kukiona nimekipata. Ni daftari langu la vipimo. Nimefungua ukurasa wa mteja mpya, nimempa jina Bi Mnene. Najipima kwa utepe nikiwa bafuni, naandika nikifika kazini. Bi Mnene mpaka sasa yuko hivi:

Jumanne 13 Februari, mchana. Bega la kulia, inchi tano kwa mbili na nusu. Ubao wa kukatia nyama. Jikoni.

Jumamosi 17. Shingo, alama nne kushoto, moja kulia. Mkono mtupu. Mama Pazia aliona Jumatatu.

Ijumaa 23. Paja la kushoto, inchi saba. Mkanda. Hospitali, namba ninayo.

Jumapili alilichukua daftari akapekua ukurasa kwa ukurasa, anatafuta jina la mwanamume. Akafika kwa Bi Mnene. Akasema, "Huyu mama ana mwili." Nikasema ndiyo, anaongezeka kila wiki. Akacheka, na mimi nikacheka.

Sindano

14 Machi

Dada,

Nimeondoka.

Jumapili baada ya chakula aliweka kiti katikati ya sebule. Kuna mteja alimwambia mke wako ana nywele nzuri, zile zilizobaki. Akaniambia nikae. Akanifunga shuka jeupe shingoni, akaniuliza kwa adabu kama limenibana. Akaninyoa kichwa kizima, kazi safi, hakubakiza hata unywele. Alipomaliza akasema, "Usitikisike." Sikutikisika, Dada. Sijawahi kutulia hivyo maishani. Akakata ncha ya sikio la kushoto, akaiweka kwenye kisahani cha sabuni. Akasema lililobaki linatosha kumsikia mume.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kazini kama kawaida. Mama Pazia alinipeleka hospitali, akanipeleka polisi, kisha akanipandisha basi. Alikuwa analia kuliko mimi. Naandika kutoka kwenye karakana ya magodoro ya rafiki yake, mji mwingine kabisa, nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mbao. Nimepewa chumba cha nyuma na kazi ya kushona kingo. Sindano ya huku ina urefu wa shubiri, wanacheka kwamba hatimaye nimekutana na ndugu yangu. Sufi inaruka kila mahali, napiga chafya kutwa.

Bi Mnene, Jumapili 11 Machi. Sikio la kushoto, robo tatu ya inchi. Wembe. Sebuleni.

Niandikie hati, Dada. Sasa niko tayari.

Sindano

25 Machi

Sindano,

Hati ya madai imo humu, nakala tatu. Nimeichapa kitandani, taipu juu ya ubao, ubao juu ya tumbo, kila herufi ikagonga kwenye nyonga. Weka sahihi nilipotia penseli, kula kiapo mbele ya hakimu, kabidhi masijala ya mahakama ya huko. Wao ndio watakaompelekea nakala na hati ya wito, wewe na yeye msikutane. Ana siku ishirini na moja za kujibu kwa maandishi. Asipojibu, kesi inaendelea bila yeye.

Usiongeze maneno, usipunguze. Nimejaza kila nafasi: jina, umri, kazi, anuani, tarehe ya ndoa, yote. Miaka thelathini sijawahi kutoa fomu yenye nafasi wazi. Masijala wanazirudisha, na kila inaporudishwa ni mwezi mzima umepotea. Hii hawana pa kuirudishia.

Kula vizuri. Kidonda cha sikio usikifunike na sufi.

Dada yako,
Karani

18 Aprili

Shemeji yangu mheshimiwa,

Natumaini nyonga inaendelea vizuri. Leo nimepokea karatasi za mahakama. Mkono wako nimeutambua mara moja, hakuna herufi iliyopanda juu ya mwenzake. Mtu anayependa kazi yake namheshimu.

Wiki tano nimemtafuta mke wangu. Nimeuliza vituoni, nimemuuliza Mama Pazia mpaka akalazwa. Kumbe ni ukurasa wa kwanza, mstari wa nne. Nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mbao. Nakushukuru sana, umenipunguzia safari.

Kibanda nimekifunga kwa siku chache na vifaa nimevitia kwenye mkoba. Nakwenda tuyamalize kama watu wazima.

Shemeji yako

23 Aprili

Sindano,

Toka hapo. Usichukue kitu, usiage mtu. Barua yake imenifikia leo. Nimebebwa kwenye kiti mpaka posta, nimepiga simu posta ya huko, karani akaniambia hawezi kuacha dirisha akatafute mshona magodoro. Nimepiga polisi, wakaniuliza kama kosa limeshatendeka.

Anuani niliiandika mimi. Mstari wa nne. Niliijaza kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Toka.

2 Mei

Dada,

Barua yako ya tarehe 23 imenikuta wodini. Alikuja tarehe 20, saa tisa mchana.

Alibisha hodi. Alisalimia watu wote karakanani, mmoja mmoja, na mwenye karakana akampa kiti akidhani ni mteja. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya godoro, nashona ukingo. Akavua koti akalikunja. Akatandaza taulo kwenye godoro langu, akapanga nyembe mbili, akaniambia, "Sikio la pili ndilo lililokupotosha."

Nilikinga uso kwa mkono, akaupasua kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nilipogeuka kukimbia akanipata mgongoni mara mbili. Wenzangu walitawanyika. Tulizunguka lile godoro, nalo limechanika, sufi imejaa hewani, tunakohoa wote wawili, damu yangu inashika sufi inakuwa mabonge. Nikateleza, nikaangukia kwenye meza ya kukatia. Akanishika kidevu akakiinua kwa vidole viwili, taratibu, jinsi anavyoinua cha mteja. Sindano ilikuwa bado mkononi mwangu, na uzi wake. Nikamchoma kiganja cha mkono wa wembe. Iliingia, ikatokea upande wa pili, nikaegemea kwa uzito wangu wote mpaka ikakita kwenye ubao wa meza. Alipiga kelele. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia sauti yake ikipanda, na nilifurahi. Nakuandikia ukweli kama ulivyotaka. Nilichukua wembe wake nikataka kumkata koo, na ningemkata. Mwenye karakana ndiye aliyenishika kiuno.

Polisi wameandika ugomvi wa mke na mume, wote majeruhi. Yeye kapewa dhamana. Anasema nimemharibia mkono wa kazi.

Bi Mnene, 20 Aprili. Mkono wa kushoto, inchi kumi na moja. Mgongo, inchi sita na inchi nne. Nyuzi hamsini na mbili, na daktari ana mshono mbaya, mwanafunzi wangu ningemfumulisha.

Uliniambia nisiongeze wala nisipunguze, na mimi nikatii. Mara ya kwanza ulinirudisha kwake kwa basi. Mara ya pili kwa taipu.

Sindano

12 Mei

Sindano,

Sina utetezi. Njia ilikuwepo. Unaapa kwamba unahofia maisha yako, unaomba mahakama ifiche anuani, na kwenye fomu unaandika "kwa kupitia masijala". Maombi hayo nimewachapia wageni labda mara ishirini. Kwa mdogo wangu niliona kisanduku kitupu, na vidole vikajaza.

Na ile habari ya kituo cha basi, nimeikwepa tangu Februari. Siku uliyokuja na begi ulikuwa umejifunga kitambaa shingoni. Nilipokuinamia kukumiminia chai niliona kimelowa damu. Niliona, Sindano. Niliogopa maneno ya ofisini, kwamba mdogo wake Karani kamkimbia mume, na mimi ndiye ninayechapa talaka za watu. Nikakupeleka kwenye basi kabla kitambaa hakijalowa zaidi watu wakaona. Umeniandikia yote bila kunificha, na mimi hili ndilo nililokuficha.

Kuhusu kesi. Atakuja na mashahidi wa kumsifu, wa namna yake huja nao. Wakimaliza, hakimu atakuuliza kama una maswali kwao. Sema huna. Huna wakili, na asiye wakili akianza kuuliza hujimaliza mwenyewe, nimewachapa wengi. Toa daftari, toa namba zako, jibu unachoulizwa, ukae kimya.

Na ukihama, usiniambie unahamia wapi.

Dada yako

28 Juni

Dada,

Barua yako ya tarehe 12 Mei niliitia mfukoni bila kuifungua. Nilikuwa nimekukasirikia. Nimeifungua jana, kesi imeshakwisha, ndiyo maana sikukutii.

Majibu yake ya maandishi nilikuwa nimeyasoma mpaka nikayakariri. Kuhusu sikio alikuwa ameandika hivi: nilikuwa nikimnyoa mke wangu kwa mapenzi, kwa bahati mbaya wembe ukateleza. Karakanani nako, eti alikuja na mkoba wake kama fundi yeyote, nikamrukia, wembe ukateleza tena. Na alidai mahakama itambue mkono niliomharibia, mkono usiowahi kumkata mtu. Kuthibitisha hilo alileta wateja wake watano, wote wamevaa makoti, amewanyoa wiki ileile niliyotolewa nyuzi za mwisho. Sijui aliwanyoaje. Labda kwa mkono wa kushoto, au alimsimamia mwingine.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Akaeleza upole wake mpaka karani akachoka kuandika. Hakimu akaniuliza kama nina swali. Nikasimama. Nikamwuliza amenyolewa kwake miaka mingapi. Akasema kumi na minne.

"Amewahi kukukata?"

"Hata mchubuko."

"Wembe wake haujawahi kuteleza?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mama, mkono wa mtu yule hautelezi."

Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwuliza wa pili yaleyale, na wa tatu, na wa nne. Wa tano, muuza mbao, akaongeza la kwake: siku moja taa ilizimika kichwa kiko nusu, na yule bwana akamaliza kwenye giza bila kumgusa ngozi. Watu wakacheka. Nikamtazama mume wangu, nikaona uso umembadilika. Alikuwa amefika pale nilipokuwa nampeleka, lakini angemnyamazishaje shahidi wake mwenyewe?

Nikafungua kitambaa kichwani. Nikageuza sikio upande wa hakimu. Nikamwuliza mume wangu, "Miaka yote hiyo, vichwa vyote hivyo, hata gizani. Uliteleza kwangu tu?"

Hakimu aliweka kalamu chini, akamwambia anasubiri jibu, naye akawatazama wale mashahidi wake watano.

Kisha likaja daftari. Hakimu akalisoma ukurasa mzima, akauliza huyu Bi Mnene ataletwa lini atoe ushahidi. Nikasema yupo hapa, mheshimiwa, ndiye mimi. Nikakunja mikono ya gauni, mwenyewe, nikamwonyesha bega, akalinganisha na tarehe na namba za hospitali. Alipofika shingoni alisema inatosha.

Talaka nimepewa. Karatasi ninayo, imekunjwa kifuani, ina mhuri. Hakimu ameagiza jalada lipelekwe kwa waendesha mashtaka kwa kosa la kujeruhi, lakini mpaka aitwe ni miezi, na dhamana yake haijafutwa. Koridoni alipita karibu yangu. Alininong'oneza, "Mstari wa nne, Sindano. Kila mtu ana mstari wa nne."

Kwa hiyo nahama leo. Umeniambia nisikuambie ninakokwenda, na nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla sijakusoma. Kwako anapafahamu. Atakuja kukuuliza. Nakujua, Dada, ukiulizwa swali huachi nafasi wazi. Hamia kwa mtu kwa muda. Najua hutahama.

Chai na basi nilikuwa nimekusamehe zamani. Mstari wa nne nilikuwa naelekea kuusamehe. Kitambaa chenye damu ndio kwanza nakijua jana, hicho kitanichukua muda. Usinisukume.

Barua hii naitia posta njiani, mji ambao sishuki. Usiangalie mhuri wake. Siku nikiweza nitaandika mimi.

Mdogo wako,
Sindano

3 Desemba

Sindano,

Alikuja. Tarehe 6 Agosti, saa nne asubuhi, jirani zangu karibu wote wako makazini. Nilikuwa nimeanza kutembea kwa fimbo. Alibisha hodi, nikafungua nikidhani ni posta, maana kila mtu anayebisha hodi nilidhani ni posta.

Aliulizia nyonga. Akanisaidia kukaa kwenye meza ya taipu. Mkono wa kulia vidole vimekakamaa, havikunjiki tena, ulimharibu kweli. Akasema anataka anuani moja tu. Nikamwambia sijui. Akatabasamu. "Wewe? Wewe ambaye hujawahi kuacha nafasi wazi?"

Akavuta droo ya meza, akaweka kidole changu cha shahada kwenye ukingo, akaifunga kwa goti. Akauliza. Nikasema sijui. Kidole cha kati. Akauliza. Alikuwa mpole wakati wote, alinipa leso nijifute. Cha tatu kilipovunjika nilisikia mlio kabla ya maumivu.

Nitakuandikia jambo moja, kisha sitalirudia. Kwenye kidole cha tatu, ningejua, ningesema. Nilitafuta kichwani, Sindano. Nilikumbuka kila barua yako, nilitafuta mji, mtaa, ghala, mti, kitu chochote cha kumpa, na hapakuwa na kitu. Nilimtajia miji ya uongo miwili. Nilikuwa nakuuza, nikakosa bidhaa. Ulinijua kuliko ninavyojijua.

Alivunja vinne vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto. Nilipiga mayowe mpaka yule mzee kiziwi wa ghorofa ya chini akahisi meza inavyoruka juu ya dari lake, akapanda na shoka la kuni. Alimkuta ananifuta machozi.

Amefungwa. Waliunganisha makosa yote, sikio lako, karakana, Mama Pazia, vidole vyangu. Miaka kumi na sita, imesomwa wiki iliyopita, na mara hii hakuleta mtu wa kumsifu. Daftari la Bi Mnene lilikuwa mezani. Hukumu ameichapa msichana mwingine, amekosea herufi tatu.

Basi unaweza kurudi. Unaweza kufungua duka mahali watu wanapita na kuandika jina lako mlangoni. Unaweza kulala mlango haujafungwa. Mtaa mzima wanajua, magereza wanajua, yeye mwenyewe anajua. Wewe tu ndiye hujui, na mimi sina pa kukuambia. Mama Pazia nimemuuliza, hajui. Mwenye karakana hajui. Ulifanya kazi safi.

Naandika kwa vidole vilivyobaki, ndiyo maana mwandiko umelala. Jina lako nimeliandika juu ya bahasha. Chini yake, penye nafasi ya anuani, nimepatazama asubuhi nzima. Nimepaacha wazi, nimeitia kwenye droo pamoja na zile barua nyingine nne nilizokuandikia tangu uhame.

Dada yako